Mahali pa pezi: uchambuzi wa ubao wa Simon Anderson, Bells Beach 1981

Pasaka ya mwaka 1981, katika ufuo wa Bells, jimbo la Victoria nchini Australia, wakati wa mashindano ya kupanda mawimbi, bahari ilipanda hadi mawimbi ya futi 15. Simon Anderson, mpanda mawimbi na mtengenezaji wa mbao kutoka Narrabeen, kaskazini mwa Sydney, aliingia majini na ubao wa futi 6 na inchi 6. Chini ya mkia wake palikuwa na mapezi matatu, vibao vyembamba vinavyochomoza majini, yaliyolingana ukubwa. Wakati huo ubao wa mashindano ulikuwa na pezi moja au mawili. Anderson alishinda. Mwaka huohuo akashinda mashindano ya Surfabout ya Sydney, na Desemba akashinda yale ya Pipeline Masters huko Hawaii kwa mpangilio uleule wa mapezi, alioupa jina la Thruster. Miaka michache baadaye karibu kila mshindani alikuwa ameufuata, na hadi leo ukiingia duka lolote la mbao za mawimbi, mwingi utakaoukuta ni huo.

Habari hii husimuliwa kama hesabu ya idadi: lilikuwa moja, yakawa mawili, yakawa matatu. Tunaona hesabu hiyo inaficha jambo lenyewe. Mapezi matatu yalikuwapo karibu miaka 10 kabla ya siku ile. Ndugu wawili wa California, Malcolm na Duncan Campbell, walikuwa wakitengeneza ubao wa mapezi matatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970: moja kubwa katikati na mawili madogo pembeni, marefu kwa kufuata ubao lakini mafupi kwa kimo. Ulikuwa ubao mzuri na bado una wapenzi wake, lakini haukubadilisha michezo ya dunia. Kilichokuwa kipya kwa Anderson ni ukubwa wa kila pezi na, zaidi ya yote, mahali kila moja lilipokaa. Ndiyo maana kisa hiki kinamfaa yeyote mwenye ubao unaomkataa, hata kama hatafika Bells maishani mwake.

Hali ilivyokuwa mwaka 1980

Bingwa wa dunia alikuwa Mark Richards wa Newcastle, Australia. Alitwaa ubingwa mwaka 1979, akautwaa tena mwaka 1980, 1981 na 1982, akipanda ubao mfupi wenye mapezi mawili aliouboresha tangu mwaka 1977. Ubao ule ulikuwa na kasi na ulikuwa mwepesi kugeuka kuliko chochote kilichotangulia. Waliobaki na pezi moja walionekana wazito kando yake, na waamuzi waliona hivyo pia.

Anderson hakuwa mtu dhaifu majini: alikuwa ameshinda Bells mwaka 1977 kwa pezi moja. Lakini ni mtu mkubwa, zaidi ya futi 6 na kilo 90 hivi, na hupanda kwa kukandamiza mkia kwa nguvu. Mapezi mawili hayakumvumilia. Kila alipokandamiza kwenye kona ya chini ya wimbi, pale ubao unapogeuzwa baada ya kushuka, mkia uliponyoka. Akirudi kwenye pezi moja mkia unashika, lakini ubao unakuwa mkaidi na anaachwa nyuma kwenye mawimbi madogo, ambayo ndiyo mengi ya mashindano. Hiyo ndiyo hali yenyewe: mbao mbili, kila moja na kasoro inayoponywa na nyingine, na hakuna ya kati.

Oktoba 1980 aliona ubao wa Frank Williams, mtengenezaji mwenzake wa Sydney. Ulikuwa wa mapezi mawili, na nyuma yake, karibu na ncha ya mkia, palibandikwa kipezi kidogo cha nusu duara. Kazi yake ilikuwa kutuliza mkia usicheze. Anderson alichukua wazo hilo akaenda nalo hatua ambayo mwenzake hakuwa ameifikia: kile kipezi kikakuzwa hadi kulingana na yale mawili ya mbele, na yote matatu yakapangwa kama kundi moja. Hakusajili haki ya uvumbuzi. Kila fundi duniani akawa huru kuunakili.

Pezi linafanya nini hasa

Mtu wa pwani anaweza kudhani pezi ni usukani. Si hivyo, na kosa hilo ndilo chanzo cha ushauri mwingi mbaya. Usukani wa jahazi unageuzwa, nao unageuza chombo. Pezi la ubao halisogei. Linafanana zaidi na mkuku: linakataa kwenda upande. Mpanda mawimbi anaulaza ubao ukingo wake uzame, anakandamiza kwa mguu wa nyuma, na ubao unazunguka pale ambapo maji yanakataa kusukumwa. Kwa hiyo ukihamisha pezi unahamisha kitovu ambacho ubao unakizunguka. Mabaharia wa mashua wanalijua jambo hili kwa njia yao: chombo chenye mkuku mrefu kinashika njia, chenye mkuku mfupi kinageuka upesi.

Kabla ya mwaka 1935 hapakuwa na pezi kabisa. Wahawaii waliburuza mguu majini ili ubao usiteleze upande. Mwaka huo Tom Blake alifunga chini ya ubao wake mkuku wa chuma uliotoka kwenye boti ya mwendokasi iliyotelekezwa, na kuanzia hapo swali likawa ni wapi pa kulifunga.

Pezi linapoelekezwa kwa pembe ndogo dhidi ya maji, linazalisha nguvu ya upande kama bawa. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mwendo: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Inakua pia kadiri pembe inavyokua, lakini kwa kikomo. Pembe ikipita nyuzi 15 hivi, maji yanaacha kufuata uso wa pezi na mshiko unapotea ghafla. Adui wa pili ni hewa. Pezi likikaribia uso wa maji, hewa inavutwa chini kando yake, na pezi lililozungukwa na hewa halishiki kitu. Mkia unaoponyoka kwa ghafla, bila onyo, mara nyingi ni hewa. Unaoponyoka polepole kwa kuteleza mara nyingi ni pembe iliyozidi au eneo la pezi lisilotosha.

Kwa nini moja lilishindwa, na kwa nini mawili

Chukua ubao ulioinamishwa nyuzi 45 kwenye kona kali. Pezi la pembeni lililo sentimita 15 kutoka uti wa kati, yaani mstari wa katikati ya ubao, linazama sentimita 10 hivi chini zaidi ya usawa wa uti huo. Lile la upande wa pili linapanda kiasi hichohicho. Pezi moja la katikati limebaki juu, kwa hiyo ili lishike maji lazima liwe refu, inchi 7 au 8, na pezi refu namna hiyo linakataa kugeuzwa upesi. Ukiulaza ubao zaidi, kitako cha pezi, yaani sehemu yake iliyoshikana na ubao, kinatoka majini, hewa inaingia, na mkia unaondoka wote kwa mpigo mmoja.

Mapezi mawili yanatatua hilo vizuri sana, na tunasema hivi kwa sababu watu wengi huyadharau baada ya kusoma kisa cha Anderson. Pezi la upande uliolala linazama ndani kabisa, karibu na ukingo unaofanya kazi. Linaweza kuwa fupi. Hakuna kitu katikati kinachoburuta. Ubao unapata kasi hata kwenye wimbi dhaifu.

Tatizo linaanza mtu anapokandamiza kwa nguvu nyingi. Lile pezi la juu liko hewani, na lile la chini limebaki peke yake kubeba mzigo wote. Kwenye mbao nyingi za mapezi mawili, ukingo wa nyuma wa pezi uko inchi 6 hadi 8 kutoka ncha ya mkia. Nyuma ya hapo hakuna chochote. Mpanda mawimbi mzito anapoweka mguu nyuma ya mapezi na kukandamiza, anasukuma mkia usio na kizuizi, na mkia unatii. Richards alijua kuusimamisha mguu wake na kuugawa uzito wake pasipo kuvuka mpaka huo. Anderson hakuweza, na hakuwa peke yake.

Kuna la pili. Mapezi ya pembeni hayaelekei mbele moja kwa moja. Pua za vitako vyake zimeelekezwa ndani kidogo, kila moja kuelekea uti wa kati. Ubao ukienda moja kwa moja, kila pezi linasukuma kuelekea lenzake na nguvu hizo mbili zinafutana. Kwa mwendo wa wimbi la kiunoni hilo halihisiki. Kwa mwendo wa wimbi la futi 15 nguvu zile ni kubwa, ulinganifu unavurugika kwa kila kijiwimbi, na ubao unaanza kutikisa mkia kulia na kushoto bila kuombwa.

Kilichobadilika

Pezi la nyuma la Anderson lilikaa katikati, karibu na ncha ya mkia. Hapo linafanya kazi tatu kwa pamoja. Linafunga ule mtikisiko wa njia iliyonyooka, kwa sababu lenyewe linaelekea mbele bila pembe. Linaweka kizuizi chini ya mguu wa nyuma hasa, mahali mtu anapokandamiza. Na kwa kuwa mkia hapo ni mwembamba, umbali kutoka ukingo hadi uti ni mdogo, hivyo ubao ukilala pezi hili linapanda kidogo tu. Pezi moja la zamani, likiwa refu na limebeba kila kitu, lilihitaji eneo kubwa. Hili jipya lina msaidizi mbele yake kila wakati, likaweza kuwa fupi.

Kwa upande wa mapezi ya mbele, kuwepo kwa lile la nyuma kuliruhusu yasogezwe mbele bila hofu ya mkia kuponyoka. Hapa ndipo tunapoona akili ya kisa hiki. Katika ubao wa mapezi mawili, mapezi yanalazimika kufanya kazi mbili zinazovutana: kuwa mbele ya kutosha ili ubao ugeuke, na kuwa nyuma ya kutosha ili mkia ushike. Anderson alizitenganisha. Yale ya mbele yanafanya ya ukingo, la nyuma linafanya ya mkia, na umbali kati yao unakuwa kipimo ambacho fundi anaweza kukibadilisha peke yake.

Vipimo vyenyewe

Mpangilio ulioenea leo kwa ubao wa mapezi matatu wa futi 6 hadi futi 6 na inchi 2 ni huu. Ukingo wa nyuma wa mapezi ya mbele uko inchi 11 kutoka ncha ya mkia, yaani milimita 279. Ukingo wa nyuma wa pezi la nyuma uko inchi 3 na nusu, milimita 89. Mapezi ya mbele yako inchi 1 na moja ya nane, kama milimita 29, kutoka ukingo wa ubao. Kitako cha pezi la kati kwa ukubwa kina urefu wa inchi 4 na nusu, milimita 114, na kimo kinakaribiana na hicho. Ukipiga hesabu, ukingo wa mbele wa pezi la nyuma unaangukia inchi 8, na kati yake na mapezi ya mbele panabaki inchi 3 tupu.

Mwelekeo wa ndani wa mapezi ya mbele ni robo inchi: pua ya kitako iko milimita 6 karibu zaidi na uti kuliko mkia wa kitako. Hiyo ni nyuzi 3 hivi. Ukivuta mistari ya mapezi yote mawili kwenda mbele, inakutana zaidi ya mita moja mbele ya pua ya ubao. Mapezi hayohayo yameinamishwa nje nyuzi 5 hadi 7. Kwa nyuzi 6 ncha ya pezi inatoka nje milimita 12 kuliko kitako chake. Upande wao wa ndani ni bapa na wa nje umebenuka. Pezi la nyuma limesimama wima, limebenuka sawa pande zote mbili.

Kila kipimo kina tabia yake. Kundi zima likisogezwa mbele, ubao unakuwa mwepesi kugeuka na mkia unapungua mshiko. Likirudi nyuma, ubao unanyooka, unashika, na unataka mguu wenye nguvu. Pezi la nyuma likisogea mbele peke yake, kundi linabana na kona zinakuwa fupi na za papo hapo. Likirudi nyuma, kundi linatanuka, kona zinarefuka na kasi inayotoka nayo kwenye kona inaongezeka. Mwelekeo wa ndani ukizidi, ubao unaitika upesi lakini unaburuta kwenye mstari ulionyooka. Ukipungua, unakimbia lakini unachelewa kuitika. Mwinamo wa nje unafuata njia hiyohiyo: mwingi huleta wepesi wa ukingo hadi ukingo, mdogo huleta kasi ya kunyooka.

Kwa mawimbi makubwa, kundi hurudishwa nyuma kidogo na mwelekeo wa ndani hupunguzwa, kwa sababu ile ile ya mraba wa mwendo. Kwa mawimbi madogo na mapana hufanywa kinyume chake. Robo inchi inatosha kuhisiwa. Nusu inchi ni ubao mwingine.

Kupima ubao ulio nao

Mtu akilalamika kuhusu ubao, asianze kwa kununua mapezi mapya. Apime kwanza. Laza ubao chini juu, juu ya taulo mbili, na mapezi yote yakiwa yamefungwa. Weka ukanda wa selotepu ya karatasi juu ya uti wa kati, kutoka mkiani hadi sentimita 50 hivi, uandike juu yake kwa penseli. Pima kutoka ncha ya mkia kwa rula iliyonyooka, usitumie tepu ya kushonea inayofuata mbinuko wa ubao. Mkia ukiwa umepasuka kama wa mbayuwayu, weka rula kuvuka ncha mbili na uanzie kwenye mstari huo, katikati.

Kwa mapezi ya mbele, tumia pembemraba: upande mmoja sambamba na uti, wa pili uguse ukingo wa nyuma wa pezi, na usome umbali kwenye uti. Fanya kulia, fanya kushoto. Kisha laza rula kwenye uso bapa wa ndani wa pezi, kwenye kitako chake, upime umbali hadi uti mbele na nyuma. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwelekeo wa ndani. Kwa mwinamo, programu ya kupima pembe kwenye simu inatosha. Weka simu kwanza kwenye tumbo la ubao kando ya pezi, usome, kisha kwenye uso bapa wa pezi, ukatoe. Pezi lisilo na mwinamo lingesomeka nyuzi 90, na kilichopungua au kuzidi hapo ndicho unachotafuta.

Andika kila kitu kwa milimita. Tofauti ya milimita 1 kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida. Milimita 3 katika mahali pa pezi, au milimita 2 katika mwelekeo wa ndani, ni nyingi. Ubao wa namna hiyo unavuta upande mmoja ukiwa umesimama wima kwenye mstari ulionyooka, na mpandaji anajilaumu kwa miezi akidhani ni mguu wake.

Kasoro tunazozijua, na zinakotoka

Mkia unaponyoka kwenye kona ya chini ya wimbi, na vipimo viko sawa: angalia kwanza mwanya kati ya kitako cha pezi na tumbo la ubao. Mwanya mdogo tu unatosha kuingiza hewa. Angalia kama skrubu zimelegea. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa pezi: pengo lililochongwa na tumbawe linavunja mtiririko wa maji kwa mwendo mkubwa. Baada ya hapo ndipo ufikirie kwamba pezi la nyuma ni dogo mno au liko mbele mno kwa uzito wako.

Ubao unaovuma, sauti ndefu kama ya nyuki kila unapopata kasi: ni ukingo wa nyuma wa pezi ulio mnene au butu upande mmoja. Maji yanaachana nao kwa zamu, kulia na kushoto, na pezi linatetemeka. Msasa namba 220, kisha 400, pande zote mbili kwa usawa, hadi ukingo uwe mwembamba bila kuwa kisu, unauponya.

Ubao mkaidi, usiotaka kugeuka hata ukiukandamiza: kundi liko nyuma mno, au pezi la nyuma ni kubwa kuliko unavyohitaji. Visanduku vya mapezi, yaani nafasi ambamo mapezi hufungwa, haviwezi kusogezwa, vimegandishwa kwa rezini ndani ya povu. Lakini mahali pa pezi panaweza kusogezwa bila kugusa kisanduku. Pezi lililolala nyuma, kama upanga uliopinda, linapeleka eneo lake nyuma. Lililosimama wima linaleta eneo mbele. Kupunguza pezi la nyuma ukubwa mmoja kunahamisha kitovu cha kundi zima mbele, karibu sawa na fundi angesogeza visanduku vyote milimita kadhaa. Hii ndiyo faida kubwa ya mapezi ya kufungua yaliyoenea miaka ya 1990. Mbao za mwaka 1981 zilikuwa na mapezi yaliyogandishwa kwa faibaglasi moja kwa moja, na kosa la fundi lilibaki hadi ubao uvunjike.

Kwenye ubao mrefu wa pezi moja mambo ni rahisi zaidi. Kisanduku chake kina mfereji wa inchi 10 na nusu, na pezi linateleza ndani yake. Anza katikati. Sogeza nusu inchi, panda mawimbi manane au kumi, rekodi, kisha ndipo usogeze tena. Anayebadilisha mahali pa pezi na aina ya pezi siku moja hatajua kipi kilifanya nini.

Kwa fundi anayechimba visanduku mwenyewe, onyo moja. Ubao wa polistireni, ile povu nyeupe ya punje punje, haukubali rezini ya poliesta. Itayeyusha povu na kisanduku kitakaa ndani ya shimo tupu. Tumia epoksi. Ubao wa poliyurethani unakubali poliesta, kwa kigumishi cha asilimia 1 hadi 2. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam baki karibu na asilimia 1, la sivyo rezini iliyojazwa kwenye shimo la kisanduku itachemka, itapasuka, na kisanduku kitalegea wiki ya kwanza.

Bells inathibitisha nini, na haithibitishi nini

Ushindi mmoja si kipimo cha ubao. Anderson alikuwa ameshashinda hapohapo mwaka 1977 kwa pezi moja, na angeweza kushinda kwa ubao mwingine. Richards alishinda Bells mwaka 1978, 1979 na 1980, na mwaka mmoja tu baada ya Thruster, 1982, akarudi akashinda tena kwa mapezi mawili. Bingwa wa dunia wa mwaka 1981 alikuwa Richards, wala si Anderson. Anayesema kwamba mapezi matatu yaliyazidi yale mawili siku ile Bells anasahau hayo yote.

Kinachothibitisha mpangilio ule ni kilichofuata kwa watu wengine. Wenye miili tofauti na mitindo tofauti, kwenye mawimbi ya aina zote, waliuchukua na wakabaki nao. Tom Carroll alitwaa ubingwa wa dunia wa 1983 na 1984 kwa mapezi matatu. Ubao wa Richards ulihitaji miguu ya Richards. Wa Anderson ulivumilia miguu ya kila mtu, kwa sababu pezi la nyuma linasamehe kosa la kukandamiza mahali pasipo.

Msamaha huo una gharama. Pezi la katikati linaburuta, na kwenye wimbi dogo lisilo na nguvu linaiba kasi ambayo mapezi mawili yangeibakiza. Mtu anayepanda mawimbi ya msimu wa kusi kwenye mwamba wa Malindi au Watamu, ambayo mengi ni ya kifuani na yanasukumwa na upepo, ana sababu nzuri ya kujaribu mapezi mawili, au manne yasiyo na kitu katikati, au matatu yenye pezi la nyuma dogo kuliko yale ya mbele. Hilo la mwisho ndilo tunalolipendekeza kwanza. Linagharimu pezi moja tu, na halitaki ubao mpya. 

Ukijaribu, chukua alama ya penseli kwenye karatasi ile ile uliyopimia: ukubwa wa pezi la nyuma, hali ya wimbi, na mahali ulipokuwa umeweka mguu wa nyuma. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau. Mguu uliosogea sentimita 5 unabadilisha ubao kuliko pezi lililosogea milimita 6, na mara nyingi ubao uliolaumiwa kwa mapezi yake ulikuwa unataka tu mguu urudi nyuma, juu ya pezi lenyewe.